Usingizi Unaokatika Usiku wa Manane: Yale Tunayofunzwa na Mzee wa Kighare

Kighare ni kata iliyoko Usangi, katika Milima ya Pare ya Kaskazini, wilayani Mwanga. Msafiri anayeitazama milima hiyo kutoka barabara kuu inayopita Same na Mwanga, katikati ya joto na vumbi la tambarare, si rahisi kudhani kwamba huko juu watu hulalia mablanketi mawili. Kati ya Juni na Agosti ukungu hushuka mapema juu ya migomba na mibuni, na inapofika saa mbili usiku nyumba nyingi za wazee huwa zimekwisha kufungwa. Saa hiyo ya kufunga mlango ina uhusiano mkubwa na malalamiko tunayoyasikia kliniki kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mzee nitakayemweleza hapa si mtu mmoja. Nimemuunda kutokana na wagonjwa kadhaa wa milimani niliowahudumia, ili asitambulike yeyote. Ana umri wa miaka 71, ana shinikizo la juu la damu, na kwa mwaka mzima amekuwa akiamka saa nane usiku bila kurudi usingizini. Hakuja kwetu kwa sababu ya usingizi. Aliletwa alfajiri, amekunja uso kwa maumivu, tumbo la chini limevimba, mkojo umegoma kutoka tangu jana yake. Alipowekewa mpira wa mkojo, ilitoka zaidi ya lita moja. Asubuhi nilipopita wodini nilimkuta amekaa kitandani, ametulia.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Huu mkojo mmeutatua, Mungu awabariki. Sasa nisaidie jambo moja: nipe dawa ya kulala. Hii ninayotumia imekwisha nguvu.”

Dawa aliyokuwa akitumia ilikuwa piritoni, vidonge viwili kila usiku, alivyonunua dukani baada ya kuambiwa kwamba “vinaleta usingizi na havina madhara.” Kabla ya hapo alikuwa ametumia diazepamu kwa miezi miwili, akaiacha baada ya kuanguka njiani akienda chooni. Choo chake, kama vyoo vingi vya milimani, kiko nje, chini ya ngazi za udongo zinazoteleza wakati wa mvua. Bahati yake hakuvunjika nyonga.

Piritoni ni dawa nzuri ya mafua na mzio. Lakini pamoja na kusinzisha, huzuia ujumbe wa kikemikali unaouamuru msuli wa kibofu ujikaze. Kwa kijana mwenye afya hilo si neno. Kwa mzee ambaye tezi dume yake imekua na tayari inaubana mrija wa mkojo, kibofu kilichokuwa kikisukuma kwa taabu hupokonywa nguvu iliyobaki. Hivyo dawa aliyoinunua ili asiamke kwenda kukojoa ndiyo iliyomfunga mkojo. Mwuzaji hakuwa na nia mbaya. Ila hakuna aliyemuuliza mzee analala saa ngapi, nini kinamwamsha, na akishaamka anafanya nini.

Tuanze na jambo ambalo huwashangaza wagonjwa wengi: kuamka usiku si ugonjwa. Usingizi wa binadamu huenda kwa mizunguko ya takribani dakika 90, minne hadi sita kwa usiku. Katika mizunguko ya mwanzo mtu hulala fofofo. Kadiri kunavyokaribia kucha, usingizi mzito hupungua, ndoto huongezeka, na mtu huibuka kidogo kati ya mzunguko na mzunguko. Kwa kawaida hugeuka upande na asubuhi hakumbuki. Umri unavyosonga, sehemu ya usingizi mzito hupungua kwa kila mtu, na kule kuibuka kunakuwa kuamka kamili. Hapa Tanzania kuna ushahidi mzuri wa jambo hili. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wahadzabe 33, wote watu wazima, karibu na Ziwa Eyasi, kwa vifaa vya kuvaa mkononi vinavyopima mijongeo. Katika siku 20, muda ambao watu wote hao walikuwa usingizini kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Nyakati nyingine zote kulikuwa na mtu aliye macho, au aliye katika usingizi wa mang'amung'amu. Watu hao hawana umeme wala simu za kuwakesha, na bado wanaamka.

Kwa hiyo anayetaka kulala bila kuamka hata mara moja mpaka kuche anataka kitu ambacho hata babu zetu hawakuwa nacho. Tunachoweza kumsaidia ni mambo mawili: kumwondolea kinachomwamsha bila sababu, na kumrudishia uwezo wa kulala tena.

Sasa turudi kwenye saa ya kufunga mlango. Upareni watu wanazifahamu ndiva, yale mabwawa madogo ya asili ambamo maji ya mfereji hukusanywa usiku, kisha hufunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba. Hamu ya usingizi hufanya kazi kama ndiva iliyogeuzwa: hujaa mchana, tangu mtu anapoamka, na hufunguliwa usiku. Kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni kadiri tunavyokaa macho, na usingizi huiondoa. Mzee wetu alikuwa akipanda kitandani saa mbili usiku kwa sababu ya baridi na giza. Saa mbili na nusu amelala. Saa nane amekwisha kulala saa tano na nusu, na ndiva imebaki tope. Tena mchana, baada ya makande, alikuwa akijinyoosha kwa saa nzima au zaidi, yaani akiyafungua maji adhuhuri halafu akashangaa kuyakosa usiku. Alikaa kitandani saa tisa, kutoka saa mbili hadi adhana ya alfajiri, akipata usingizi wa saa sita kwa jumla. Zile saa tatu zilizobaki ndizo alizoziita ugonjwa.

Sisemi kwamba kila anayelalamika analala mapema mno. Nasema kwamba swali la “unapanda kitandani saa ngapi na unashuka saa ngapi” halina gharama, na kwa wazee mara nyingi peke yake linatoa nusu ya jibu.

Nusu nyingine kwa mzee huyu ilikuwa mkojo, na hapa niombe msomaji anivumilie, kwa kuwa jambo hili tunalipita haraka sana. Kuamka mara moja kwenda kukojoa baada ya miaka 60 ni kawaida. Mara mbili au zaidi huanza kuwa kero, na huongeza hatari ya kuanguka. Wanaume wengi wakisikia hivyo hufikiria tezi dume tu, na mara nyingi wana haki. Lakini wapo wanaoamka kwa sababu figo zinatengeneza mkojo mwingi mno usiku, na kwa hao hata tezi dume ingeondolewa wangeendelea kuamka. Namna ya kutofautisha haihitaji mashine. Mpe mgonjwa kopo lenye alama za ujazo na karatasi. Kwa siku tatu apime na kuandika kila anapokojoa, mchana na usiku, pamoja na saa. Ukijumlisha mkojo wa usiku na ule wa kwanza asubuhi, ukakuta umezidi theluthi ya mkojo wote wa saa 24 kwa mtu aliyevuka miaka 65, tatizo liko zaidi kwenye wingi wa mkojo. Ukikuta anakojoa kidogokidogo mara nyingi, au mkojo unatoka kwa kukatikakatika, tazama kibofu na tezi dume, na usisahau maambukizi ya njia ya mkojo. Akiwa anakojoa sana usiku na mchana na ana kiu isiyoisha, pima sukari siku hiyohiyo.

Mzee wetu alikuwa akimeza vidonge vyake vyote kwa pamoja baada ya chakula cha usiku, “ili nisisahau.” Miongoni mwavyo kilikuwamo bendrofluazaidi, kidonge cha shinikizo la damu kinachofanya kazi kwa kutoa maji mwilini. Dawa za jamii hiyo humezwa asubuhi. Alikuwa pia akitumia amlodipini, ambayo kwa baadhi ya watu huvimbisha miguu. Maji yanayokusanyika miguuni mchana kutwa hurudi kwenye mzunguko wa damu mtu anapolala chali, na figo huyatoa usiku wa manane. Mgonjwa wa namna hiyo husaidika akiinua miguu juu ya kigoda alasiri kwa saa moja au mbili, ili maji hayo yatoke kabla ya kulala. Miguu iliyovimba pamoja na kuishiwa pumzi unapolala chali ni habari nyingine: huenda moyo unashindwa kufanya kazi, na huyo apelekwe hospitali, asipewe ushauri wa kigoda. Narudia kwa wagonjwa wanaosoma: msibadilishe saa ya dawa wala kuiacha kabla ya kuongea na aliyewaandikia. Kuuliza tu kunatosha.

Kuhusu maji ya kunywa, wapo wanaojinyima mchana kutwa kwa hofu ya usiku. Hilo halifai, hasa kwa mzee anayepanda na kushuka vilima. Kunywa vya kutosha mchana, kisha punguza katika saa mbili au tatu kabla ya kulala, chai ya usiku ikiwamo. Wakati wa Ramadhani mambo hugeuka, kwa kuwa maji yote hunywewa kati ya futari na daku. Wazee wengi huamka mara nyingi zaidi mwezi huo na haimaanishi ugonjwa umezidi.

Yapo mengine yanayokata usingizi, nami nitayapitia kwa haraka. Anayekoroma kwa nguvu, akanyamaza ghafla kama aliyekabwa, kisha akashtuka akitafuta hewa, huenda njia yake ya hewa inajifunga usingizini. Mwenzake wa kitandani ndiye shahidi bora, basi aulizwe yeye. Hali hii hupandisha shinikizo la damu, humfanya mtu asinzie mchana, na huongeza pia mkojo wa usiku. Dawa za kulala humzidishia hatari. Pombe, iwe ya chupa au dengelua ya miwa, humlaza mtu upesi na kumwamsha upesi, kwa sababu inapoisha mwilini ubongo hushtuka. Kahawa ni zao la heshima la milima hii, ila nusu ya kafeini ya kikombe cha saa kumi na moja jioni inaweza kuwa bado mwilini saa nne usiku. Chai kavu iliyokolea nayo imo. Mirungi, ambayo sheria imeikataza na ambayo bado inatafunwa, hukesha mtu na kumwacha na huzuni inapoisha. Kikohozi cha usiku kinaweza kuwa pumu. Kikohozi chenye jasho la kulowesha shuka na kukonda kinadai kipimo cha kifua kikuu. Mama aliyefikia umri wa kukoma hedhi na anayeamka akiwaka moto mwili mzima anastahili kusikilizwa, asiambiwe ni uzee tu. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri, akakosa usingizi, mara nyingi hupona kwa kuhamishia kidonge asubuhi. Prednisoloni pia, inapotumiwa mara moja kwa siku, mahali pake ni asubuhi.

Baridi yenyewe haina haja ya dawa. Soksi kavu na blanketi miguuni huharakisha usingizi. Utafiti mdogo uliofanyika Uswisi na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba miguu yenye joto ni dalili nzuri ya mtu anayekaribia kupitiwa na usingizi. Kinachonitisha ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani na dirisha kufungwa. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na anayeivuta usingizini huenda asiamke kabisa. Anayeamka na kichwa kinamuuma pamoja na watoto wake wote, chumba hichohicho, asitafute panadoli kwanza. Atoke nje na watoto wake, kisha wapelekwe kituo cha afya.

Jambo moja sitalipita haraka. Mtu anayeamka saa tisa au saa kumi usiku, kila siku, moyo ukiwa mzito, hana hamu ya chakula wala ya watu, huenda ana sonona. Kwa wazee waliofiwa na wenzi, na ambao watoto wao wako Dar es Salaam au Arusha, hujificha nyuma ya maneno “sina usingizi.” Muulize waziwazi kama amewahi kuona afadhali asingekuwapo, na kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake wala asirudishwe nyumbani na pakiti ya vidonge vya kulala. Apate rufaa siku hiyohiyo.

Baada ya vyanzo kushughulikiwa, kinabaki kile ambacho mtu mwenyewe hufanya akiwa macho. Mzee wetu alikuwa akiwasha simu kutazama saa, akihesabu saa zilizobaki, akimkasirikia mkewe anayelala. Kitanda kikageuka mahali pa mapambano. Tiba inayotibu hali hii haitumii kidonge. Ni mafunzo ya fikra na mazoea ya kulala, na mwaka 2016 Chuo cha Madaktari wa Marekani kiliyapendekeza kuwa tiba ya kwanza kwa watu wazima wenye ukosefu sugu wa usingizi, kabla ya dawa yoyote. Mzizi wake ni wa tangu miaka ya 1970 na 1980, na mengi yake yanaweza kufundishwa kwenye zahanati.

Saa igeuziwe ukutani, simu iwe mbali na mto. Ukiamka na kuona muda unaoweza kuwa kama robo saa umepita bila usingizi, shuka kitandani. Jifunike vizuri, kaa kwenye kiti chenye mwanga hafifu, fanya jambo tulivu: kusali, kuvuta tasbihi, kusikiliza redio kwa sauti ya chini. Rudi kitandani macho yanapolemewa, si kabla. Ukiamka tena, fanya vivyo hivyo. Usiku wa kwanza ni mgumu, na wa tatu pia. Mtu aambiwe hivyo mapema, la sivyo atadhani amedanganywa.

Kisha kuna kupanga dirisha la kulala. Kwa wiki moja hadi mbili mgonjwa huandika, au mjukuu humwandikia, saa aliyolala na aliyoamka. Mzee wetu alipata wastani wa saa sita. Tukakubaliana saa ya kuamka isiyobadilika, saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ya sala, na saa ya kupanda kitandani ikawa saa nne na nusu usiku: saa sita na nusu kwa jumla. Hatukumhamisha mara moja. Alisogeza kwa nusu saa kila baada ya siku chache. “Saa nne na nusu! Nifanye nini muda wote huo?” aliuliza. Mkewe ndiye aliyejibu: kuna mahindi ya kupukuchua na maharage ya kuchambua, na wajukuu wanataka hadithi. Usingizi wa mchana ukapunguzwa hadi dakika 20, kabla ya saa tisa alasiri, na asubuhi akae nje juani, kwa maana mwanga wa asubuhi huisawazisha saa ya mwili. Mtu akianza kulala sehemu kubwa ya muda aliopo kitandani, takribani dakika 51 katika kila saa, huongezewa dakika 15 kila wiki. Dirisha lisiwe chini ya saa tano. Wenye kifafa, na wale ambao hali yao ya moyo hupanda na kushuka kupita kiasi, wasifanye hivi bila daktari. Madereva wa bodaboda na malori waangalifu zaidi, maana wiki za mwanzo huleta usingizi wa mchana.

Kwa anayetumia diazepamu kila siku kwa muda mrefu, neno ni moja: usiiache ghafla. Kuacha ghafla huweza kuleta mtetemeko, hofu, hata degedege. Ipunguzwe kidogokidogo kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi. Kwa wazee dawa hii huchukua siku nyingi kutoka mwilini, ndiyo maana kidonge cha Jumatatu humwangusha mtu Jumatano. Wenzangu wa maduka ya dawa muhimu wanajua kwamba haiuzwi bila cheti. Ninachowaomba zaidi ni kwamba mzee wa kiume anapoomba “kitu cha kulala,” kabla mkono haujafika kwenye piritoni, aulizwe mkojo wake unatokaje.

Mzee alianzishiwa dawa ya kulegeza misuli ya mlango wa kibofu na tezi dume. Kwa kuwa dawa hiyo huweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, alifundishwa kukaa ukingoni mwa kitanda kwanza, ahesabu hadi 30, ndipo asimame. Mpira ulitolewa baada ya siku chache na mkojo ukatoka wenyewe. Bendrofluazaidi ikahamia asubuhi. Wanawe walichanga wakaweka taa ya sola mlangoni na mshikio wa mbao kwenye zile ngazi za udongo, na kwa usiku wa mvua akawekewa ndoo yenye kifuniko ndani.

Aliporudi kliniki baada ya miezi miwili nilimuuliza habari za usingizi. Alisema bado anaamka, mara moja, karibu na saa tisa, na siku nyingine mara mbili. Hukojoa, hurudi, na mara nyingi hasikii kitu tena mpaka adhana. Lalamiko lake safari hii lilikuwa juu ya mkewe, ambaye kumbe anakoroma. Nilimwomba aje naye kliniki ijayo.